"Hajaja" si "hakuja": kisa cha darasa la jioni Manzese

Jumatatu moja dada wa mapokezi aliingia darasani wenzake wakiwa wameshaanza, akakaa kiti cha nyuma, daftari akaliacha ndani ya mkoba. Nikamuuliza kulikoni. "Ticha, leo nimesemwa mbele za wageni kwa ajili ya hiki Kiingereza chako."

Anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni moja upande wa Sinza. Alfajiri ile kulikuwa na mgeni mzungu mwenye tiketi ya boti ya Zanzibar, ameitiwa gari saa kumi na mbili na nusu. Saa ikafika, mgeni akashuka na begi lake, akauliza kama dereva ameshafika. Dada akamjibu bila kigugumizi: "No, sir. The driver did not come." Uso wa mgeni ukabadilika. Akasema maneno mengi ya haraka ambayo dada hakuyashika, akatoka nje, akasimamisha bajaji, huyo. Hazikupita dakika kumi, dereva aliyekuwa amekwama kwenye foleni ya Ubungo akaingia getini. Bosi akaja juu: nani amemwambia mgeni kwamba gari haliji?

"Mimi nilimwambia hajaja," dada akatueleza huku akigonga meza kwa kidole. "Ha-ja-ja. Sikumwambia hakuja!"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilibaki na chaki mkononi. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimewafundisha wakati uliopo timilifu, ule ambao vitabu vinauita "present perfect", na nilikuwa nimerudi nyumbani nikijisifu kwamba limekuwa somo jepesi kuliko yote ya muhula. Sasa mwanafunzi wangu mzuri kuliko wote ameshindwa kulitumia siku ya kwanza alipolihitaji. Na kilichonitia aibu zaidi ni kwamba tofauti yenyewe anaijua. Ameieleza kwa Kiswahili kwa usahihi ambao mimi sikuufikia ubaoni kwa saa nzima.

Nieleze kidogo darasa lenyewe. Ni watu kumi na mmoja, wote wanaanza. Wengi waliishia darasa la saba kwenye shule za serikali, ambako masomo ni kwa Kiswahili, hawakufika sekondari ambako Kiingereza kinageuka kuwa lugha ya kufundishia. Wamo vijana wawili wa bodaboda, mama anayeuza vitenge Kariakoo, fundi umeme, mzee mlinzi wa ghala, huyu dada na wengineo. Tunakutana jioni, watu wakiwa wametoka kazini, mmoja au wawili wanasinzia.

Somo la wiki ile nililifundisha kama nilivyofundishwa mimi. Niliandika ubaoni kwamba -me- ya Kiswahili ni "have" au "has" ya Kiingereza, ukiongeza umbo la tatu la kitenzi. Amefika, "he has arrived". Nimekula, "I have eaten". Wamefunga, "they have closed". Wanafunzi walifurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza sarufi ya Kiingereza ilifanana na kitu walichokuwa nacho nyumbani. Nikatoa sentensi kumi za -me-, wakazigeuza zote kumi. Ningeambiwa nilipime somo lile jioni ileile, ningelipa tisini na tano kwa mia.

Baada ya kisa cha dereva niliomba madaftari, nikayabeba nyumbani. Nilitaka kuona walikuwa wanaandika nini pale ambapo sikuwapa sentensi mimi.

Mama wa vitenge alikuwa ameandika: "My baby has slept." Alikusudia mtoto amelala, yaani muda ule anaandika mtoto yuko usingizini. Mwingereza akiisoma ataelewa kwamba mtoto amepata usingizi wake na umekwisha, pengine sasa hivi anacheza. Kijana wa bodaboda aliandika juu ya abiria: "She has worn a red dress", amevaa gauni jekundu. Kwa Kiingereza hiyo ni habari ya mwanamke ambaye maishani mwake aliwahi kuvaa gauni jekundu. Fundi umeme: "I have satisfied." Mzee wa ghala: "The boss has sat in the office." Na katika daftari la dada mwenyewe kulikuwa na "The driver has delayed", ambayo hata ningekuwa mimi ndiye mgeni, ingenichukua muda kuielewa.

Hapo ndipo fomula yangu inapovuja kwa mara ya kwanza. Kiswahili kina vitenzi vingi vya mtu kuingia katika hali fulani: kulala, kukaa, kusimama, kuvaa, kuchoka, kushiba, kulewa, kukasirika, kuchelewa. Ukivipa -me-, havisemi tu kwamba tendo limekamilika, vinasema hali yake ndiyo iliyopo sasa. Amesimama maana yake yuko wima mbele yako. Kiingereza hakiendi huko na "have". Kinatumia "is" na neno la hali, au kitenzi kinachoendelea: "he is asleep", "I am tired", "I am full", "she is wearing", "he is standing", "he is late". Kwa hiyo kundi zima la vitenzi, tena vile ambavyo mtu wa kawaida anavitamka mara ishirini kwa siku, linatoka nje ya kanuni niliyoiandika kwa mbwembwe.

Uvujaji wa pili uko kwenye saa. Kijana wa pili wa bodaboda aliandika: "Today I have woken up at five o'clock." Kiswahili cha Dar kinamruhusu kabisa. Leo nimeamka saa kumi na moja, nimepita Shekilango, nimekula chapati, nimempeleka mtoto shule. Siku nzima unaweza kuisimulia kwa -me- na hakuna atakayekukosoa, ilimradi ni leo. Kiingereza kinakataa. Ukishataja saa, siku au mwaka ambao umeshapita, "have" inaondoka na wakati uliopita unashika nafasi: "I woke up at five." Unaweza kusema "I have seen him this morning" kama asubuhi bado haijaisha, lakini "at five" imekwisha, imefungwa.

Na uvujaji wa tatu ni wa upande mwingine, pale ambapo Kiingereza kinataka "have" na Kiswahili hakitii -me- hata kidogo. Mzee wa ghala aliandika: "I live in Manzese since 1998." Naishi Manzese tangu 1998, mbona sawa? Kwa Kiswahili ni sawa. Kwa Kiingereza jambo lililoanza zamani na linaendelea mpaka leo linadai "I have lived". Fomula yangu haikumsaidia hapa kwa sababu katika kichwa chake hapakuwa na -me- ya kumwamsha.

Nikakaa na yale madaftari nikajiuliza kwa nini sentensi kumi za ubaoni zilikwenda vizuri. Jibu halikuhitaji utafiti. Nilizichagua mimi. Bila kujua, nilichukua vitenzi ambavyo havina matatizo, nikaviacha vile vyenye matatizo, halafu nikawapongeza watu kwa kuruka mahali nilipokuwa nimeshatoa mawe.

Lakini bado kulikuwa na yule dada na kidole chake mezani. Ha-ja-ja.

Tunapofundisha wakati huu kwa Waswahili, karibu wote tunaanzia kwenye kauli ya kukubali, kwenye -me-, kisha baadaye, muda ukibaki, tunagusa kukanusha. Dada alinionyesha kwamba tumeshika kisu upande wa makali. Katika kukubali, Kiswahili na Kiingereza vinafanana kwa sura na kutofautiana kwa tabia. Katika kukanusha vinakaribiana sana. Sikula na sijala ni vitu viwili, na hakuna mtu mzima Dar es Salaam anayevichanganya. Sikula: muda wa kula ulikuwepo, ukapita, chakula hakikuingia. Sijala: mpaka sasa tumbo tupu, na sufuria likifunuliwa nitakula. "I did not eat" na "I haven't eaten" vimegawana kazi kwa namna hiyohiyo. Tena -ja- imebeba ndani yake kale ka-"bado", na Waingereza nao wana "yet" wanayoiweka mwisho wa sentensi kufanya kazi ileile.

Ndiyo maana mgeni aliondoka. Aliambiwa hakuja. Shughuli imefungwa, tafuta usafiri mwingine. Angeambiwa "he hasn't come yet", angekaa kwenye kochi la mapokezi na kuangalia saa.

Kwa hiyo Jumatano nilifuta kila kitu nikaanza upya. Sikuandika neno la Kiingereza ubaoni kwa robo saa ya kwanza. Niliandika "hajalipa" na "hakulipa", nikamuuliza fundi umeme: nani kati ya hawa wateja wawili bado unampigia simu? Akajibu papo hapo, wa kwanza. Wa pili? "Huyo nimeshamsamehe, Ticha, alihama na nyumba." Mama wa vitenge akaongeza lake, la mzigo: haujafika, haukufika. Wa kwanza unausubiri, wa pili umepotea na pesa yako.

Kisha mzee wa ghala akasema jambo ambalo tangu siku hiyo nalitumia kila muhula. Alisema: "Marehemu kaka yangu hakuoa. Huwezi kusema hajaoa. Ataoa saa ngapi?" Watu wakacheka, wengine wakasema Mwenyezi Mungu amrehemu, nami nikaona mlango umefunguka wenyewe. Kiingereza kinafuata adabu hiyohiyo kwa marehemu, na kinaifuata hata katika kukubali. Mwalimu Nyerere alifundisha shule ya Pugu kabla ya kuacha ualimu kwa ajili ya siasa. Alifariki mwaka 1999. Huwezi kuandika "Nyerere has taught at Pugu", hata kama Kiswahili cha maongezi kinaweza kukuponyoka na amefundisha. Ni "taught". "Have" inamtaka mwenye tendo awe bado yumo kwenye mchezo.

Baada ya hapo tu ndipo nilipoandika: "He hasn't paid." "He didn't pay." Sikueleza. Nilisema sentensi moja ya Kiingereza, wao wakanijibu kwa neno moja la Kiswahili: hajalipa, hakulipa, hajafika, hakufika. Mchezo wa masikio, si wa kuandika. Na masikio ndiyo yaliyokuwa na shida kubwa kuliko nilivyodhani, maana "hasn't" na "didn't" zikitamkwa kwa kasi zinafanana mwishoni, na mwanafunzi anashika mwisho. Tulirudia mpaka wa usingizi wakaamka.

Kutoka kwenye kukanusha tukaingia kwenye swali, maana ndivyo maongezi yanavyokwenda: umekula? Bado. Hapa pana mtego mwingine wa Kiswahili. "Bado" ikisimama peke yake ni jibu kamili kwetu, na wanafunzi wanaigeuza kuwa "still". Umuulize "Have you eaten?" akujibu "Still", utadhani bado anatafuna. Tukakubaliana kwamba "bado" ya jibu ni "not yet", na "bado" ya "bado anafanya kazi" ndiyo "still". Ilichukua dakika tano, na sijawahi kuzitumia dakika tano vizuri zaidi.

Kijana mmoja wa bodaboda, mpenzi wa sinema, akanibana: mbona Wamarekani wanasema "Did you eat yet?" Ni kweli wanasema. Kiingereza cha Marekani kinapenda kutumia wakati uliopita pamoja na "yet", "already" na "just", pale ambapo Mwingereza angetumia "have". Nikamwambia asishangae akiisikia, ila yeye kwanza ajifunze kutofautisha, kwa sababu mteja wake wa kesho hatajulikana katoka wapi. Nadhani hakuridhika.

Kauli ya kukubali niliiacha mpaka Ijumaa, na sikuanza na -me-. Nilianza na -mesha-. Nimeshakula, "I have already eaten". Ameshaondoka, "he has already left". -mesha- inaziba sehemu kubwa ya ule uvujaji wa saa, kwa kuwa inajibu swali la kama jambo limekwisha fanyika, haijibu lilifanyika lini. Vile vitenzi vya hali niliviweka pembeni kabisa, kwenye ukurasa wake wa daftari, wavijue kwa "is" na "am" kama msamiati: "asleep", "tired", "full", "late". Bila kanuni. Kuna walimu wenzangu wanaoona hiyo ni kukwepa. Mimi naona mtu aliyetoka kwenye zamu ya saa kumi na mbili hahitaji nadharia ya vitenzi vya hali, anahitaji kusema amechoka.

Kisha tukafika kwenye sehemu waliyoipenda kuliko zote, "Have you ever". Kiswahili kimetuandalia hapa neno lililokaa sawasawa, kuwahi. Umewahi kuvuka Daraja la Tanzanite? Umewahi kupanda mwendokasi? Hilo la mwendokasi lilikuwa la kuchekesha tu, kwa sababu mabasi yenyewe yanapita hapo Barabara ya Morogoro tangu 2016 na kila mmoja alishasukumana ndani yake. Swali lenye utamu lilikuwa la treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro mwaka 2024. Wanne walikuwa wameipanda, wengine hawajawahi. "Have you ever taken the SGR?" "Yes, I have." Na hapo ndipo nilipowalazimisha kuuliza swali la pili: "When?" Jibu la swali la pili haliruhusiwi kuwa na "have". "I went last year." Unaingia kwa wakati timilifu, ukishakanyaga ndani unahamia wakati uliopita. Kiswahili nacho kinahama, umewahi kupanda, lini, nilipanda mwaka jana, ila sisi tunahama bila kujitazama miguu.

Kitu kimoja ambacho -wahi ilitusaidia bila mimi kupanga ni "been" na "gone". Dada anajibu simu za watu wanaomtafuta meneja. Meneja amekwenda Zanzibar: "He has gone to Zanzibar", hayupo. Meneja amewahi kufika Zanzibar: "He has been to Zanzibar", yupo hapa ofisini na hadithi zake. Mama wa vitenge aliweka kanuni yake mwenyewe, kwamba "gone" ni kwenda na "been" ni kufika na kurudi. Sikuona cha kurekebisha.

Maumbo ya tatu ya vitenzi niliyapunguza yakawa kumi na mawili tu, yale wanayoyatumia kazini: "come", "gone", "been", "eaten", "paid", "left", "arrived", "called", "seen", "done", "brought", "closed". Ile orodha ndefu ya "go, went, gone" waliyoiimba shuleni wengi bado wanaikumbuka kama wimbo, ila wimbo hauna mlango wa kutokea. Unamwuliza umbo la tatu la "bring", anaanza kuimba toka "begin".

Sitajifanya kwamba mambo yote yalinyooka. "Since" na "for" bado zinatusumbua. Mzee wa ghala mpaka leo anaishi Manzese "since 1998" kwa wakati uliopo wa kawaida, na nikimsahihisha ananiangalia kwa upole wa mtu ambaye hakusudii kuhama wala kubadilisha kitenzi. Hapo -ja- haitoi msaada, kwa sababu hakuna cha kukanusha. Nimejaribu kuchora mstari ubaoni unaoanzia 1998 na kufika leo. Mstari wanauelewa. Sentensi inabaki vilevile.

Wiki tatu baada ya kisa, dada alinitumia picha ya ujumbe aliomwandikia mgeni mwingine aliyekuwa chumbani akisubiri gari. Ulisomeka hivi: "Good morning sir. The driver hasn't come yet. He has called at ten. Please wait."

Mgeni alisubiri, gari likaja. Sentensi ya kwanza niliisoma mara mbili kwa furaha. Ile ya "has called at ten" nimeiandika kwenye karatasi, ndiyo tutakayoanza nayo Jumatatu.